FISH, PCR au usomaji wa RNA: kipimo kipi cha vinasaba kwa rabdomaiosakoma?

Majibu ya patholojia yametoka: "Rabdomaiosakoma, huenda ya alveola. Tunashauri kipimo cha vinasaba." Mzazi anaikunja karatasi, anaitia kwenye mkoba, anaanza kuulizia. Kipimo gani? Kinafanyika wapi? Shilingi ngapi? Na nikikosa hela, mtoto hataanza dawa?

Kazi yangu ni maabara ya patholojia. Nakata bloku, yaani kipande cha uvimbe kilichozamishwa kwenye nta ya parafini, naandaa slaidi, napaka rangi. Swali hili nimeulizwa dirishani, nimeulizwa kwa simu usiku, na mara moja nimeulizwa msibani. Jibu langu huwa refu kuliko muulizaji anavyotarajia, maana vipimo viko vingi, na kinachomfaa mtoto huyu kinaweza kummalizia mwingine kile kinyama kidogo kilichokatwa kwenye uvimbe wake bila kumpa jibu. Nitaviweka kimoja kando ya kingine, nikisema wazi ningechagua kipi.

Tunatafuta nini hasa

Rabdomaiosakoma ni saratani ya seli zilizokuwa njiani kuwa misuli zikaishia katikati. Kati ya sarkoma zote za tishu laini, hii ndiyo inayowapata watoto zaidi, lakini bado ni nadra: Marekani nzima hupata wagonjwa wapya kama 400 hadi 500 kwa mwaka. Huota kwenye tundu la jicho, kichwani, shingoni, kwenye kibofu, kando ya korodani, ukeni, mkononi au mguuni.

Kwa miaka mingi aina zilitenganishwa kwa sura tu. Chini ya hadubini aina ya embrionali ina seli zilizotawanyika kwenye ute laini, na aina ya alveola ina seli zilizopangwa kuzunguka nafasi tupu, mfano wa vifuko vya hewa vya mapafu. Alveola ilihesabiwa kali zaidi, na watoto wake walitibiwa kwa ukali zaidi.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha kinachotokea ndani ya seli za alveola. Kromosomu ya 2 na ya 13 hukatika na kubadilishana vipande, jeni PAX3 ikagandana na jeni FOXO1. Mwaka uliofuata ikapatikana ndugu yake: PAX7 ya kromosomu ya 1 imegandana na FOXO1 ileile. Jeni hiyo ya kuunganika hutengeneza protini ambayo mwili wenye afya hauna, na protini hiyo huilazimisha seli ibaki changa na izidi kugawanyika. Katika kila watoto 100 walioandikiwa alveola, kama 60 wana PAX3-FOXO1, kama 20 wana PAX7-FOXO1, na 20 waliobaki hawana muunganiko wowote kati ya hiyo miwili.

Hao 20 ndio waliogeuza mambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa alveola isiyo na muunganiko, kwa mwenendo wa ugonjwa na hata kwa vinasaba, haitofautiki na embrionali. Wapatholojia wa Marekani walipozipitia upya slaidi za zamani zilizoitwa alveola, karibu theluthi moja walizirudisha kwenye embrionali. Zilikuwa embrionali zilizosongamana seli hadi zikafanana na nyingine. Fikiria maana yake kwa mtoto. Kuna watoto waliokunywa dawa nyingi kuliko walizohitaji kwa sababu ya sura ya seli.

Ndiyo sababu majaribio makubwa ya tiba ya miaka ya karibuni, ARST1431 la Marekani na FaR-RMS la Ulaya, yamewapanga watoto kwa kuangalia kama wana muunganiko au hawana. Mtoto asiye nao, uvimbe wake ukiwa mdogo na mahali pazuri, anaweza kupunguziwa siklofosfamaidi, dawa ambayo ikizidi huharibu uwezo wa kuzaa baadaye. Mwenye nao huhesabiwa kwenye hatari kubwa zaidi na tiba yake hupangwa hivyo.

Imuno: si kipimo cha vinasaba, lakini huwezi kuiruka

Kabla ya kufikiria jeni, lazima uwe na hakika kwamba ni rabdomaiosakoma. Seli ndogo za mviringo zenye rangi ya bluu zinaweza kuwa mojawapo ya saratani hizi: limfoma ya Burkitt, sarkoma ya Ewing, niuroblastoma au hii. Kwetu Afrika Mashariki Burkitt ni nyingi, na mtoto mwenye jicho lililotokeza au taya iliyovimba anaweza kuwa na mojawapo. Imuno hutumia kingamwili zinazoshika protini maalumu kwenye slaidi: desmini, maiojenini na MyoD1 kwa misuli. Majibu hutoka ndani ya siku moja au mbili, na kati ya vipimo vyote nitakavyovitaja hiki ndicho kinachopatikana kwa urahisi zaidi.

Imuno inakupa pia fununu. Maiojenini ikiwaka kwenye kiini cha karibu kila seli, slaidi nzima imejaa kahawia, shuku muunganiko. Ikiwaka kwa madoadoa, seli hapa na seli pale, huenda ni embrionali. Maabara nyingine huongeza protini za OLIG2 au AP-2 beta, ambazo huelekea kuwaka kwenye uvimbe wenye muunganiko. Fununu hizo nazithamini sana mahali ambapo FISH, kipimo cha kuiangalia jeni kwa rangi inayong'aa, haipo. Ila zibaki fununu. Sitamshauri mtu ampunguzie mtoto dawa kwa kutegemea imuno peke yake.

FISH na PCR, uso kwa uso

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa hapa.

FISH hufanywa kwenye slaidi ya kinyama kilekile kilicho kwenye parafini, kipande chenye unene wa maikroni 4 hivi. Tunaweka vipande vya DNA vilivyotiwa rangi inayong'aa, chekundu kikae upande mmoja wa FOXO1 na cha kijani upande wa pili. Kisha unaingia chumba chenye giza, unaweka jicho kwenye hadubini ya mwanga wa fluoresensi, na unaanza kuhesabu. Seli ya kawaida inakuonyesha nukta mbili za njano, kwa sababu nyekundu na kijani zimekaa pamoja kwenye kila kromosomu ya 13. Seli yenye muunganiko inakuonyesha njano moja, halafu nyekundu peke yake na kijani peke yake, zimeachana. Ukishaiona mara ya kwanza huisahau. Wakati mwingine nukta moja imejirudia mara nyingi, kundi zima ndani ya kiini kimoja. Hapo PAX7 ndiyo ya kushukiwa kwanza, maana muunganiko wake una tabia ya kujinakili.

PCR watu wanaijua tangu siku za korona. Ya hapa inaanzia kwenye RNA, nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini: tunaitoa RNA ya uvimbe, tunaigeuza kuwa DNA, halafu tunazidisha kile kipande tu ambacho PAX3 au PAX7 imeshikana na FOXO1. Kama muunganiko haupo, hakuna cha kuzidishwa.

Sasa zilinganishe.

Kwa kinyama kidogo, FISH inashinda. Slaidi mbili tatu zinatosha, na msomaji anachagua kwa macho yake eneo lenye uvimbe. Kwenye PCR kila kitu kinasagwa pamoja, uvimbe na misuli mizima na damu, huoni tena nini kilitoka wapi.

Kwa kinyama kilichozeeka au kilichokaa vibaya kwenye formalini, maji ya dawa ya kuhifadhia nyama isioze, FISH inashinda tena, kwa sababu DNA ni ngumu kuliko RNA. RNA hukatikakatika upesi. PCR inataka kinyama kilichogandishwa mara tu kilipotoka chumba cha upasuaji, au parafini iliyoandaliwa kwa uangalifu.

Kwa kujua ni PAX3 au PAX7, PCR inashinda. FISH ya kawaida ya FOXO1 inasema tu kwamba jeni imekatika, haimtaji aliyeungana naye. Je, tofauti hiyo ina uzito? Ripoti ya Marekani ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba miongoni mwa watoto ambao ugonjwa ulikuwa umesambaa, walioishi miaka minne walikuwa 75% kwa PAX7 na 8% kwa PAX3. Tofauti hiyo inatisha, lakini kundi lilikuwa dogo, na kwenye majaribio ya ARST1431 na FaR-RMS miunganiko yote miwili iliwekwa kundi moja. Kwa hiyo kama hela inatosha kipimo kimoja, sitamwambia mzazi aiache FISH kwa ajili ya tofauti hiyo.

Kwa kukamata seli chache sana, kwa mfano kwenye uboho wa mifupa, PCR ina makali zaidi. Makali hayohayo ndiyo hatari yake: tone dogo la sampuli ya jirani likiingia, unapata jibu la uongo.

Na kuna jambo ambalo kila anayepokea jibu la PCR lenye neno "hakuna" alitazame. Maabara inatakiwa izidishe sambamba jeni ya kawaida iliyomo kwenye kila seli, kama ushahidi kwamba RNA ilikuwa hai. Jeni hiyo ikionekana na muunganiko usionekane, hapo kweli muunganiko haujapatikana. Jeni hiyo nayo isipoonekana, kipimo kimeshindwa kufanya kazi. Hilo ni jambo lingine kabisa. Muulize daktari: jeni ya kulinganishia ilitokea? Nimewahi kuona jibu la "hakuna" ambalo mstari huo haukujazwa, na tiba ilikuwa imeshaanza kupangwa juu yake.

FISH nayo ina upofu wake. Inaiangalia FOXO1 tu. Kuna uvimbe wachache ambao PAX3 imeungana na jeni nyingine, kama NCOA1, bila FOXO1 kuguswa. FISH itazipita kimya, na PCR ya kawaida pia, kwa kuwa haikutegwa kwa ajili yake.

Usomaji wa RNA na DNA

Huu ndio mpana kuliko yote. Mashine husoma vipande vingi kwa wakati mmoja, na paneli (orodha ya jeni zinazosomwa pamoja) nzuri ya RNA humkamata yeyote aliyeungana na jeni inayochunguzwa, hata kama hakuna aliyemtegemea. Ubaya wake ni bei, na muda: wiki mbili hadi nne ni kawaida, kwani maabara husubiri sampuli zikusanyike ndipo iwashe mashine. Kwa wagonjwa wengi wa kwetu maana yake ni bloku kusafirishwa nje, India au Afrika Kusini mara nyingi, na karatasi za forodha juu yake.

Kwa nani inafaa gharama hiyo? Kwanza mtoto mchanga mwenye rabdomaiosakoma ya seli za pindi, zile ndefu zilizochongoka pande mbili. Wengi wao wana miunganiko ya jeni VGLL2 au NCOA2, na ugonjwa wao huwa mpole. Kujua hivyo kunaweza kumwepusha kichanga na tiba nzito. Pili, kijana au mtu mzima mwenye uvimbe wa mfupa, hasa taya, unaowaka rangi za misuli na pia protini za keratini na ALK. Huo huweza kuwa na muunganiko wa jeni TFCP2, na ni mkali sana. Keratini humfanya mtu adhani ni saratani ya ngozi ya ndani ya mdomo, wakati sivyo.

Tatu ni jeni MYOD1, na hapa nataka msomaji awe makini. Mabadiliko ya jeni hii, yale yanayoandikwa L122R, hutokea hasa kwenye aina ya seli za pindi na ile ngumu yenye makovu, na yana mwenendo mbaya. Si muunganiko. FISH ya FOXO1 itasema "hakuna", mtu atafurahi, mtoto atawekwa kwenye kundi la hatari ndogo, na ugonjwa utarudi. Jaribio la Marekani la ARST2032, lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wa hatari ndogo, linapima jeni MYOD1 na TP53, na mwenye mabadiliko hayo hupewa tiba nzito zaidi. Kwa hiyo kabla hujalipia paneli, uliza: inasoma RNA tu, au na DNA? MYOD1 na TP53 zimo? Paneli inayotafuta miunganiko peke yake inaweza kukuacha bila jibu ulilolipia.

Damu ya mzazi na mtoto

Mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, mumewe akiwa nje: "Kaka, hiki kitu kimetoka kwangu?" Muunganiko wa PAX na FOXO1 haurithiwi. Umetokea ndani ya seli moja ya mtoto, mama hakuubeba na baba hakuubeba. Nilimwambia hivyo, nikarudia, na nitarudia kwa yeyote.

Kipimo cha damu kinatafuta kitu kingine: kasoro aliyozaliwa nayo mtoto inayoikaribisha saratani. TP53, ambayo huleta ugonjwa wa Li-Fraumeni, huangaliwa hasa kama uvimbe una seli kubwa zenye viini vya ajabu, kama mtoto ni mdogo sana, au kama ukoo una saratani za ujanani. DICER1 huangaliwa kama msichana ana uvimbe wa mafundomafundo kwenye shingo ya kizazi. Kuna NF1 pia, yenye mabaka ya kahawia mwilini. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya FISH wala FISH haichukui nafasi yake. Na hakina haraka, kinaweza kufanywa mtoto akiwa tayari kwenye dawa.

Kinyama chenyewe

Ukisoma sehemu moja tu ya haya niliyoandika, soma hii.

Niliwahi kupokea kinyama kutoka hospitali moja ya mkoani kikiwa kimekaa wiki mbili kwenye chupa ndogo ya formalini ambayo haikuwa na bafa, kemikali ya kuzuia isiwe asidi. Kilikuwa kigumu kama kiatu, na kwenye slaidi kulikuwa na chembe nyeusi za formalini kila mahali. Imuno ilikubali kwa shida. FISH haikutoa nukta hata moja, giza tupu. RNA ilikuwa vumbi. Mtoto akarudishwa chumba cha upasuaji kukatwa upya, safari hii kwa kidonda ambacho kilikuwa kimeanza kupona.

Formalini iwe ya 10% yenye bafa, ujazo wake uwe kama mara kumi ya kinyama, na kinyama kikae humo kati ya saa 6 na 72, kisha kiende kwenye parafini. Kama kuna mfupa ndani, msiulainishe kwa asidi kali. Asidi inaua DNA na RNA pamoja. Tumieni EDTA, kemikali ya kulainisha mfupa polepole, ingawa inachukua siku nyingi, au mtenge kipande laini kisichopitia huko. Kama hospitali ina friji ya kugandisha kabisa, kipande kimoja kiende huko siku ileile. Na mwambie fundi akate slaidi zote kwa mara moja, za imuno na za FISH na za akiba, kwa sababu kila bloku inaporudishwa kwenye mashine, nyama hupotea kabla kisu hakijakaa sawa.

Ningechagua nini

Mtoto wa shule, uvimbe kwenye mkono au mguu, sura ya alveola au maiojenini imewaka kotekote: FISH ya FOXO1, bila kuwaza mara mbili. Ikisema imekatika, swali limekwisha. Ikisema haijakatika na maiojenini imewaka vile, usiamini upesi; hapo ndipo hela ya usomaji wa RNA inapostahili.

Mtoto wa miaka miwili, uvimbe kama kichala cha zabibu kwenye kibofu au ukeni, sura ya embrionali isiyo na shaka, maiojenini madoadoa: muunganiko hapo ni nadra sana. FISH bado ni vizuri kufanywa kama ipo karibu. Kama mzazi anachagua kati yake na nauli ya kurudi kliniki, nauli itangulie.

Kichanga chini ya mwaka mmoja mwenye seli za pindi: RNA moja kwa moja. Kijana mwenye seli za pindi au aina yenye makovu, kichwani au shingoni: DNA yenye MYOD1, na FISH isikufariji. Mtu mzima wa makamo mwenye aina ya pleomofiki, ile ya seli zenye maumbo mbalimbali: miunganiko hii haihusiki kwake, na fedha za FISH ya FOXO1 zina kazi bora kwingine.

PCR naichagua pale tu maabara inapoifanya kila wiki na ina jeni ya kulinganishia, au kinyama kimegandishwa. Vinginevyo naiacha.

Kuhusu kusubiri: mzunguko wa kwanza wa dawa, vinkristini na daktinomaisini pamoja na siklofosfamaidi au ifosfamaidi, mara nyingi ni uleule kwa wenye muunganiko na wasio nao. Daktari anaweza kuanza wakati jibu linasafiri. Uvimbe unaoota kwa kasi hausubiri wiki nne.

Na ukipewa bloku uipeleke mwenyewe maabara nyingine, iombe pamoja na nakala ya ripoti yenye namba ileile iliyoandikwa ubavuni mwake. Ifunge kwa pamba ndani ya kikasha kigumu, usiiweke mbele kwenye dashibodi ya gari juani. Parafini huyeyuka kwenye nyuzi 56 hadi 60, na dashibodi ya mchana wa Dodoma inakaribia huko. Ibebe kwenye mkoba wako, karibu na mwili, na ukifika dai sahihi ya aliyeipokea.